Mofini mkononi mwa nesi

Hebu fikiria, msomaji. Bibi yako yuko kijijini, ana kansa, na hospitali wameshasema haiponi. Usiku kucha analia. Panadol hazifui dafu, na daktari wa karibu yuko kilometa themanini. Utamwambia nini? "Vumilia, bibi"?

Waganda jibu hilo walilikataa. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman kutoka Uingereza alianzisha Hospice Africa Uganda pale Kampala. Silaha yake ilikuwa mofini ya maji: unga wa mofini, maji, kitu cha kuizuia isioze na rangi kidogo ili dozi kali isichanganywe na nyepesi. Haina mambo ya sindano. Mgonjwa anakunywa kwake, kitandani kwake, na bei yake ni ndogo.

Kasheshe ikabaki kwenye kalamu. Nani aiandike? Madaktari walikuwa wa kuhesabu, na vijijini ndiyo kabisa. Basi mwaka 2004 Uganda ikalegeza kanuni: manesi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, wakaruhusiwa kuandika mofini. Afrika nzima hakuna aliyewatangulia.

Usidhani ni kupewa kalamu tu, halafu kwaheri. Kozi yao ilikuwa ya miezi tisa. Nesi anafundishwa kuuliza: panauma wapi, tangu lini, kiasi gani? Anajifunza kwamba mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa nne, si kungoja mpaka mtu apige kelele. Anajua inafunga choo, kwa hiyo anatoa na dawa ya kulainisha. Na anajifunza lile gumu kuliko yote, kukaa na familia na kusema ukweli bila kumvunja mtu moyo.

"Sasa si bibi atakuwa teja?" Swali zuri, na hata wahudumu wa afya wengi wanaliogopa. Ukweli ni kwamba mgonjwa anayepewa dozi ya kutosha maumivu yake, chini ya macho ya aliyesomea, ni nadra kunasa.

Kwa hiyo dawa ipo na si ghali. Kinachokosekana sehemu nyingi ni mtu aliyefundishwa kuitoa. Siku ukimpeleka mgonjwa wako hospitali, usiishie kuuliza dawa. Uliza pia: "Hapa nani amesomea tiba shufaa?"