UTORO WA WATOTO NA WAJIBU WA HALMASHAURI ZA VIJIJI



Msimu wa pamba mkaguzi afikapo kituoni saa nne za asubuhi huwakuta watoto wa darasa la tano na la sita wakishusha magunia kutoka kwenye mikokoteni. Hakuna awaitaye watoro; husemwa kwamba wanasaidia wazazi. Lakini mtoto haachi shule kwa siku moja. Hukosa juma la palizi, kisha majuma ya mavuno, kisha, huku kwetu Geita, huonja fedha ya kuponda mawe ya dhahabu, na daftari halimvuti tena.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, na tangu Januari 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne. Sare, madaftari na chakula cha mchana vimebaki juu ya mzazi.

Nani achukue hatua? Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 (mwaka ule ule vyama vikuu, vilivyovunjwa 1976, viliporuhusiwa kurudi) iliipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Wanakijiji hutoa maoni yao katika Mkutano wa Kijiji, kisha Halmashauri ya Wilaya huidhinisha. Mitaa ya mjini, kama ile ya Kata ya Kalangalala, haina uwezo huo. Hoja yao sharti ipitie kwa Diwani hadi kwenye Halmashauri.

Sheria ndogo nyingi nilizozisoma huishia kwenye faini. Faini pekee siiamini. Mjane akitozwa mwezi Februari, pamba ikiwa bado shambani, atamtuma mtoto yuleyule machimboni akaitafute. Afadhali Mwalimu Mkuu ampelekee Ofisa Mtendaji majina kila Ijumaa, naye afike nyumbani juma lifuatalo. Wasichana waliojifungua wasiachwe nje ya orodha hiyo, kwani tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi darasani.

Kuhusu chakula, wanachama wana haki ya kuuliza. Mnunuzi wa pamba huilipa Halmashauri ushuru wa asilimia 3. Ni kiasi gani kinachorudi shuleni? Mkutano wa Kijiji hukaa kila miezi mitatu. Swali hilo liandikwe katika kumbukumbu zake.

Kwa upande wetu, karani wa mizani asipokee pamba iletwayo na mtoto saa za masomo. Hilo halingoji idhini ya Wilaya. Uamuzi wa Bodi watosha.