Mgema Aliposifiwa: Duka la Warsaw na Wateja Wake

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii ingefaa kuandikwa juu ya mlango wa duka moja la mjini Warsaw, nchini Poland, lau duka hilo lingekuwa na mlango. Halina. Ni duka la michezo ya kompyuta liitwalo GOG, na bidhaa zake zote hupita katika intaneti: mnunuzi hulipa akiwa nyumbani kwake, na mchezo huingia katika mashine yake.

Waasisi wake, Marcin Iwiński na Michał Kiciński, walifahamiana shuleni, nao wakaunda kampuni ya CD Projekt mwaka 1994. Siku hizo michezo iliyonakiliwa kwa wizi iliuzwa hadharani katika masoko ya Poland, tena kwa bei ya kutupa. Vijana hao walitambua kwamba hawatamshinda mwizi kwa bei, kwa kuwa mwizi hana gharama. Wakaazimia kumpa mnunuzi kile ambacho mwizi hawezi kumpa. Mwaka 1999 walipoutoa mchezo wa Baldur's Gate kwa lugha ya Kipolandi, waliwaajiri waigizaji kuusemea, wakautia ndani ya sanduku zuri pamoja na kitabu cha maelezo na ramani. Watu wakanunua.

GOG ilifunguliwa mwaka 2008 kwa moyo uo huo. Iliuza michezo ya zamani iliyokuwa imeanza kusahauliwa, kwa dola 5.99 au 9.99, na haikutia kufuli lolote. Kufuli, katika biashara hii, ni programu inayoulazimisha mchezo kuomba ruhusa kwa muuzaji kabla ya kufunguka. Mchezo wa GOG haukuomba ruhusa kwa mtu. Aliyeununua aliweza kuuhifadhi na kuucheza hata mahali pasipo na mawasiliano; na faida ya jambo hilo haina haja ya kuelezwa kwa askari aliyewahi kupangiwa kituo ambacho mawimbi ya simu hayafiki.

Hivyo wateja wakawa kama jamaa wa duka. Wakalisifu, wakalitetea, wakalitangaza bila malipo. Na hapo ndipo maji yalipoanza kutiwa.

Septemba 2010 wateja waliamka wakakuta duka limefungwa, na tangazo fupi tu limebandikwa. Waliolipia michezo waliingiwa na hofu. Baada ya siku chache ikabainika kuwa ulikuwa ujanja wa kutangaza sura mpya ya duka, na wakuu wake wakajitokeza wamevaa majoho ya watawa, wakiomba radhi. Wengine walicheka. Lakini mali ya mtu si kitu cha kufanyia mzaha, hata ukivaa joho.

Mwaka 2014 likaja suala la bei. Duka lilikuwa limejivunia bei moja kwa dunia nzima. Mwezi wa Februari likatangaza kwamba baadhi ya michezo mipya itauzwa kwa bei tofauti kulingana na nchi. Malalamiko yakawa mengi mno, na katika muda wa majuma machache uamuzi ukatenguliwa. Desemba 2020 lilitangaza kwamba litauza Devotion, mchezo uliotengenezwa Taiwan, kisha saa chache baadaye likajitoa, likidai kuwa limepata ujumbe mwingi kutoka kwa wachezaji. Sababu hiyo haikuwaridhisha wengi.

Pigo lililouma zaidi lilikuja Septemba 2021. Duka lilianza kuuza mchezo wa Hitman, na walioununua wakagundua kwamba ingawa ulifunguka bila intaneti, sehemu zake nyingi hazikupatikana pasipo kuunganishwa: silaha mpya, mahali papya pa kuanzia na mengineyo yanayompa mchezaji hamu ya kurudia. Kufuli lililokataliwa mlangoni lilikuwa limeingia kwa dirishani. Wateja wakaupa mchezo alama za chini kabisa. Jibu la kwanza la duka lilikuwa kuwaonya kwamba halitavumilia watu kuungana kuuharibia mchezo sifa. Onyo hilo ndilo lililotonesha kidonda, kwa kuwa waliokuwa wakionywa ni wale wale waliolisifu duka kwa miaka 13, na walilolalamikia ni ahadi ya duka lenyewe. Tarehe 8 Oktoba mchezo ukaondolewa, na duka likakiri kwamba halikupaswa kuutoa katika hali ile.

Waliokasirika na kuhama hawakupoteza walichokwisha kununua. Michezo waliyoihifadhi majumbani mwao iliendelea kufunguka kama kawaida, bila kuomba ruhusa kwa mtu.