Fahamu: Kwa nini viazi vya okidi huhitaji kibali kuvuka mpaka wa Tunduma

Chikanda, chakula cha Zambia kinachopikwa kwa viazi vya okidi vilivyotwangwa na kuchanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi hadi kikaganda na kukatwa vipande, kimeziponza okidi za porini za Makete na Njombe, Tanzania, kwani kiazi kikishachimbwa mmea kwa kawaida hufa. Okidi zote zimo katika CITES, yaani mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo hata gunia linalopakiwa Ipogolo, Iringa, kwenda Zambia huhitaji kibali na cheti cha afya ya mimea. Hifadhi ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005, inalinda sehemu tu ya okidi hizo; nako kuzipanda si rahisi, maana mbegu huhitaji kuvu ili iote.