Ng'ombe Huitiwa Daktari, Mke Huitiwa Mganga

Bibi yangu alipopoteza mimba ya tatu, mama alitoka nyumbani kwetu Kajiado akanijia hapa Kitengela. "Mwanangu," aliniambia, "malisho yakikauka mtu huhama." Nilimwelewa. Alitaka nioe mwingine.

Sikumjibu mzazi wangu. Lakini nilikumbuka kwamba msimu uo huo ng'ombe wetu wawili walikuwa wametupa mimba, na mama ndiye aliyehimiza daktari wa mifugo aitwe. Hakuna aliyesema ng'ombe wale wana mkosi. Mbona basi mke wangu ahukumiwe kabla ya kupimwa?

Tulikwenda hospitalini sote wawili. Daktari alitueleza kwamba takriban nusu ya mimba zinazotoka katika miezi 3 ya kwanza huwa na hitilafu katika chembe za urithi. Zikitoka mfululizo, huchunguzwa umbo la mji wa mimba, sukari, tezi la shingoni, na damu inayoganda kupita kiasi, ambayo ina dawa yake. Mume naye huweza kupimwa. Mara nyingi chanzo hakionekani kabisa, na wengi wa wanawake hao hujifungua salama baadaye.

Kisha akauliza jambo ambalo hatukulitarajia: "Maziwa mnayanywaje?"

Tukamjibu kuwa twayanywa mabichi, kutoka katika kibuyu kilichofukizwa moshi kama ilivyo desturi yetu. Tena bibi yangu humsaidia mama kuzalisha mbuzi kwa mikono mitupu.

"Moshi hutia ladha," daktari akasema, "lakini msiutegemee kuua vijidudu."

Tukapimwa brusela, ugonjwa wa mifugo ambao bakteria yake ilitambuliwa mwaka 1897 na Bernhard Bang wa Denmark katika ng'ombe waliotupa mimba. Humwingia mtu kwa maziwa mabichi na kwa majimaji ya mnyama anayezaa, na huweza kuharibu mimba. Sote wawili tulikutwa nao, tukameza dawa kwa wiki 6.

Daktari hakuapa kwamba hicho ndicho kilichotunyima watoto, na mpaka sasa hatujapata. Lakini juzi nilimkuta mama amebandika sufuria ya maziwa motoni, akingoja yachemke. Habari za malisho hakuzitaja tena.

Wanaume wenzangu, kabla ya kumrudisha binti wa watu kwao, nendeni mkapimwe nyote wawili.