Utabiri wa mvua una faida gani Kariakoo?

MVUA kubwa ikinyesha usiku kucha katika vilima vya Pugu, asubuhi yake biashara ya Kariakoo huyumba hata kama jua linawaka Mtaa wa Congo. Maji ya Mto Msimbazi hushuka hadi Jangwani na kufunika Barabara ya Morogoro. Mabasi ya mwendokasi husimama, na watu wa Magomeni, Manzese na Kimara hulazimika kuzungukia Daraja la Selander na kuingia mjini kupitia Upanga. Mteja aliyetarajiwa saa mbili hufika saa tano, au haji kabisa. Nyanya zilizoshushwa alfajiri hazimsubiri.

Wafanyabiashara wa jiji wanaijua hasara hiyo kwa miaka mingi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam, na wakazi wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Katika mvua za El Nino na masika ya 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge Aprili 25 kuwa watu 155 walikuwa wamekwishafariki nchini kote. Siku chache baadaye kimbunga Hidaya kikafika pwani, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika.

Katika matukio ya mwaka 2024 tahadhari zilitolewa mapema. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitangaza El Nino tangu Agosti 2023, na Hidaya ilifuatiliwa siku hadi siku kabla ya kufika. Linalobaki ni kujua kama taarifa hizo zinajibu maswali ya mtu mwenye mzigo njiani na mkopo benki.

SWALI MOJA, JIBU JINGINE

TMA hutoa mwelekeo wa mvua za vuli mwezi Agosti, na ule wa masika mapema mwaka unapoanza. Taarifa husema mvua zitakuwa chini ya wastani, za wastani au juu ya wastani. Kwa siku chache zijazo hutolewa angalizo au tahadhari kwa rangi za njano, chungwa na nyekundu. Mvua huitwa kubwa inapozidi milimita 50 kwa saa 24.

Kwa mkulima anayetafuta siku ya kupanda, lugha hiyo inaanza kusaidia. Lakini dalali wa vitunguu anataka kujua kama mvua itawakuta wakulima wa Ruaha Mbuyuni au Mang'ola wakati wa kuvuna, kwa sababu kitunguu kilicholowa huoza ghalani. Anayeleta nyanya kutoka Ilula anaogopa ukungu shambani na utelezi barabarani. Mwenye viazi vya Njombe anauliza Fuso litakwama siku ngapi. Muuza mabati, turubai na mabuti anataka tarehe, ili asifunge mtaji wake miezi miwili mapema. Milimita 50 haimwambii yeyote kati yao lini Jangwani itafungwa wala lini itafunguliwa.

Jibu la maswali hayo haliko kwa TMA peke yake. Mengine yako kwa wahandisi wa barabara, mengine kwa halmashauri, na mengine yako katika daftari la dalali mwenyewe. Ndiyo maana wataalamu wa hali ya hewa duniani, tangu mkutano wa Geneva wa mwaka 2009, wamekubaliana kuwa mtumiaji wa taarifa lazima awemo tangu huduma inapoundwa, si kuletewa ikiwa imekwisha kukamilika.

WENGINE WAMEANZA

Jambo hili limekwisha kujaribiwa hapa nchini. Kuanzia mwaka 2014, Tanzania na Malawi zilikuwa za kwanza katika mpango wa Afrika uliofadhiliwa na Norway, na kwa upande wa Tanzania wilaya zilizochaguliwa ni Kiteto na Longido. Wakulima na wafugaji waliulizwa kwanza wanaamua nini, lini, na wanapata habari kwa njia gani. Katika mafunzo yaliyofuata, mkulima aliwekewa rekodi za mvua za miaka iliyopita, akazilinganisha na anayoyakumbuka, kisha akapiga hesabu ya mbegu na vibarua kabla ya kusikiliza utabiri wa msimu.

Kenya nayo ilianza mwaka 2011 huko Garissa. Kila kabla ya msimu, watu wa hali ya hewa, wafugaji, maofisa wa serikali na wajuzi wa dalili za asili walikaa meza moja na kuugeuza utabiri kuwa mipango: mvua ikizidi tufanye hivi, ikipungua tufanye vile.

Dar es Salaam yenyewe ina mfano wake. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi kuchora mitaa, mifereji na mahali maji yanapofika. Mkazi wa bondeni anakumbuka maji yalifika dirishani au kizingitini, na kumbukumbu hiyo iliingia kwenye ramani.

DAFTARI LA DALALI

Sokoni nako kuna kumbukumbu zenye thamani. Madalali wengi huandika gari limeingia lini, limebeba matenga au magunia mangapi, na mzigo umeuzwa kwa bei gani. Daftari za misimu kadhaa zikilinganishwa na rekodi za mvua zitaonyesha bei hupanda baada ya siku ngapi, na kwa bidhaa ipi. TMA haina takwimu hizo. Jumuiya za wafanyabiashara zikizipeleka mezani, zitakuwa na haki ya kudai taarifa inayotaja barabara na wilaya zinazolisha soko.

Wapo watakaosema kuwa mfanyabiashara akijua mvua inakuja ataficha mali ili bei ipande. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, hatari ni kubwa zaidi habari inapojulikana na wachache wenye maghala makubwa. Taarifa iliyo wazi kwa mama wa genge na kwa mwenye Fuso humnyima mlanguzi nafasi ya kuvuna peke yake.

KWA MWENYE MTAJI MDOGO

Mwelekeo wa msimu hautoi ahadi, unaeleza uwezekano. Mvua za juu ya wastani zikitajwa kuwa na nafasi kubwa, bado ipo nafasi ya msimu kuja vingine. Anayenunua mahindi ya Rukwa au Ruvuma baada ya mavuno ili ayauze miezi ya mwanzo wa mwaka asiweke fedha zote kwa neno moja la Oktoba. Agawe mtaji, na autazame upya utabiri kila unaporekebishwa.

Kwa miaka mingi makao makuu ya watabiri yalikuwa Ubungo Plaza, kwenye Barabara hiyo hiyo ya Morogoro, kabla ya kuhamia Dodoma. Kati ya ofisi hizo na Kariakoo lilikuwapo bonde la Jangwani tu. Umbali wa kilomita umeongezeka, lakini umbali unaoligharimu soko ni ule wa mazungumzo. Mikutano ya wadau hufanyika kabla ya utabiri wa msimu kutangazwa, na taarifa za TMA hutoa ushauri kwa sekta binafsi na kwa mamlaka za miji. Viongozi wa soko wanaotaka kusikika katika vuli waombe nafasi kabla ya Agosti, na waende na daftari zao.