Taa Hazijui Jibu

Juma hili nataka tuzungumzie jambo ambalo kwa mtu wa redio kama mimi ni ugeni kidogo, nalo ni sura ya chemsha bongo za televisheni. Mchezo mmoja ukienda nchi nyingi, ama huvaa sare, ama kila nchi huushonea nguo yake.

Tuanze na sare. Septemba 1998, televisheni ya ITV ya Uingereza ilianza kuonyesha Who Wants to Be a Millionaire?, mwendeshaji akiwa Chris Tarrant. Ukumbi ulijengwa makusudi kumtia mshindani hofu. Alikalishwa kwenye kiti kirefu katikati ya duara la watazamaji, chini yake sakafu inayong'aa kama kioo. Swali likija, taa zinashuka na kumwangukia yeye, na muziki unazidi kukaza kamba. Kipindi kilipouzwa ng'ambo, mnunuzi alipewa pia kiti, taa na muziki. Ndiyo maana Marekani mwaka 1999 na India mwaka 2000, hata ungezima sauti, ungekitambua.

Hata hivyo, kila nchi ilitia chumvi yake. Kwa Waarabu, maandishi hutoka kulia kwenda kushoto, na majibu manne huitwa alifu, be, jimu na dali. Kule India, Amitabh Bachchan aliiita kompyuta "Computer ji". Hiyo "ji" ni neno la heshima, na mashine ile ya kutisha ikawa kama mzee wa nyumba.

Sasa tutazame mchezo ulioshonewa nguo tofauti. Wafaransa walianza mchezo wao wa kuunda maneno mwaka 1965, ambao baadaye uliongezwa hesabu na kuitwa Des chiffres et des lettres. Waingereza waliuchukua mwaka 1982, wakauita Countdown, na ndicho kilikuwa kipindi cha kwanza kabisa cha Channel 4. Wao walitundika saa kubwa ya mshale ya sekunde 30, na herufi zikapangwa ubaoni kwa mkono. Wafaransa, katika miaka yao ya mwisho kabla ya kuufunga mwaka 2024, walionyesha herufi kwenye skrini. Mshindi wa Countdown hapewi mamilioni. Hupewa birika la chai! Na kipindi kimepita miaka 40.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo nililoliona kwa macho yangu. Kituo kimoja cha televisheni kiliandaa chemsha bongo ya wanafunzi, nami nikaalikwa kuwa mmoja wa waamuzi. Ukumbi ulipendeza: taa za buluu, kiti kirefu, moshi wa bandia. Binti mmoja wa sekondari aliulizwa ni ziwa gani lenye kina kirefu kuliko yote Afrika. Akajibu bila kusita: Tanganyika. Kadi ya mwendeshaji iliandikwa Victoria. Taa zikawa nyekundu, muziki ukalia, binti akashuka kitini huku akijifuta machozi.

Jibu lake lilikuwa sahihi. Nilimnong'oneza mwandaaji, akaniambia kipindi kinaruka moja kwa moja, tusiharibu mambo. Nami nikanyamaza. Mpaka leo jambo hilo linanikera, maana nilikuwa na kipaza sauti mbele yangu.

Baadaye niliuliza maswali yalihakikiwa na nani. Nikaambiwa fedha zote ziliishia kwenye taa.

Ndugu zangu waandaaji, kuiga ukumbi wa wenzetu si dhambi. Lakini birika la Countdown latufundisha kwamba mtazamaji huja kwa ajili ya swali la haki. Mwajirini kwanza mwalimu wa kuhakiki kadi, ndipo mwite fundi wa taa. Giza la ukumbini huondoka ukibonyeza swichi. La kwenye kadi humwangukia mtoto wa watu.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.