Unauza tepu ya kuvutia nyaya? Uliza haya kabla hujatuma mzigo

Wauzaji wenzangu, mwezi uliopita nilimtumia fundi umeme tepu ya nailoni ya mita 10. Kumbe paipu yake ni mita 18! Mzigo ukarudi, bodaboda nikalipa mimi kwenda na kurudi. Faida yote kwisha. Siku hizi nauliza kwanza:

1. Paipu ina urefu gani? Mpe tepu inayozidi, abaki na pa kushikia.

2. Kona ni ngapi? Kona nyingi mpe nailoni, inapinda vizuri. Paipu ndefu iliyonyooka mpe ya chuma, ni ngumu, haijikunji ikisukumwa.

3. Ndani kuna nyaya tayari? Usimpe ya chuma, inapitisha umeme. Mpe nailoni au faibaglasi, na bado mkumbushe azime meni switchi. Hapo ni uhai wa mtu.

Kwenye posti andika urefu, unene na aina. Piga picha kichwa cha kufungia waya kionekane, wateja wasidhani ni springi ya kukunjia paipu.

Maswali matatu hayakuchukui hata dakika mbili. Mzigo ukirudi, unakula kwako.